Mkataba wa Jua Usomwe kwa Lugha ya Wenye Ardhi

Mazungumzo kuhusu umeme utokanao na jua yameshika kasi humu nchini, na siku hizi hayahusu jua peke yake, bali jua pamoja na betri kubwa za kuuwekea umeme huo akiba hadi usiku. Wahandisi wamesema yao, mabenki yamesema yao, na wanasiasa, kama ilivyo ada, wamesema yao na ya wengine. Mimi si mhandisi wala mwanasheria. Kazi yangu ni kufundisha isimu, na mwanaisimu huyatazama maneno kama daktari anavyoutazama ulimi wa mgonjwa, akitafuta dalili za yaliyomo mwilini. Nimekuwa nikiyatazama maneno yanayotumiwa kuwaomba wanavijiji ardhi yao kwa ajili ya miradi hii, na niliyoyaona yananitia wasiwasi. Naamini kwamba mkataba wa kukodisha ardhi kwa miaka 20 au 25, ulioandikwa kwa Kiingereza na kufafanuliwa barazani kwa dakika chache kwa Kiswahili cha kubahatisha, haujakubaliwa na wenyeji, hata kama sahihi na alama za vidole gumba zimejaa ukurasa mzima.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na jua. Nchi hii imepitiwa na ikweta katikati, na ingekuwa ajabu kuliacha jua lituchome migongo kila siku bila kulituma kazi yoyote. Mji wa Garissa kwa miaka mingi uliishi kwa umeme wa jenereta za dizeli. Disemba 2019, kituo cha sola kilichoko Raya, nje ya mji huo, kilizinduliwa rasmi na Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta. Kituo hicho kina uwezo wa takriban megawati 50, kimetandazwa paneli zaidi ya 200,000 juu ya hektari 85 hivi za ardhi, na kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya Uchina. Baadaye yakaja mashamba mengine ya sola ya megawati 40, likiwemo la Langobaya katika Kaunti ya Kilifi na yale ya Uasin Gishu. Haya yote ni mambo ya kujivunia.

Lakini jua lina ila moja ambayo hakuna mhandisi awezaye kuirekebisha, nayo ni kwamba hutua. Kwetu hutua mwendo wa saa kumi na mbili na nusu, ilhali baina ya saa moja na saa nne usiku ndipo Wakenya huwasha taa, televisheni na pasi kwa pamoja. Februari 2025 mahitaji ya umeme katika saa za kilele yalipita megawati 2,300. Katika saa hizo paneli zote zile za Raya huwa zimelala kama watu wengine wanavyojiandaa kulala. Ndiyo maana betri zimeingia katika mazungumzo. Huko Golomoti, katika wilaya ya Dedza nchini Malawi, kituo cha sola cha megawati 20 kilianza kazi mwaka 2022 kikiwa na betri ya megawati 5 iwezayo kutoa megawati-saa 10. Huko Kenhardt, katika jimbo la Northern Cape nchini Afrika Kusini, kipo kingine kikubwa mno, cha megawati 540 za paneli pamoja na betri za megawati 225 zenye akiba ya megawati-saa 1,140. Hapa kwetu kampuni ya KenGen imetangaza nia ya kujenga betri ya megawati 100.

Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu wanivumilie nitofautishe megawati na megawati-saa, maana hata magazetini mambo haya mawili huchanganywa. Chukulia tangi la maji lenye bomba. Upana wa bomba, yaani maji yawezayo kutoka kwa mkupuo mmoja, ndio megawati. Ujazo wa tangi lenyewe ndio megawati-saa. Betri ya Golomoti, basi, ikifunguliwa kwa nguvu zake zote, humaliza tangi kwa saa mbili. Ile ya Kenhardt huchukua kama saa tano. Mtu akija kijijini na kutangaza kwamba analeta betri ya megawati 100 bila kusema ni ya saa ngapi, amewaonyesha watu bomba na kuwaficha tangi.

Sasa nije kwenye maneno, kwani ndiyo yaliyoniketisha niandike.

Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wangu wa tafsiri muhtasari wa ripoti ya athari za mazingira ya mradi wa aina hii, nikawataka waufasiri kwa lugha ambayo mama zao wangeielewa. Mahali palipotajwa betri za kuwekea umeme, takriban darasa zima liliandika "mfumo wa hifadhi ya nishati". Kisarufi hapakuwa na kosa, na kamusi ingewaunga mkono. Binti mmoja tu, aliyelelewa katika jamii ya wafugaji, ndiye aliyelikataa neno hilo. "Mwalimu," alisema, "nikiwaambia wazee wa kwetu kwamba hifadhi inakuja, watahamisha mifugo usiku huo huo." Darasa lilicheka, naye hakucheka. Kwa mtu wa mjini, hifadhi ni mahali pa kutunzia kitu. Kwa mfugaji, hifadhi ni mbuga ya wanyama, ni ua na askari wa bunduki, ni malisho ambayo babu alichungia na mjukuu hushtakiwa kwa kuyakanyaga. Neno lile lile hubeba faraja katika sikio moja na kitisho katika jingine. Tulikubaliana kutumia akiba: akiba ya umeme, kama akiba ya chakula ghalani. Kila mtu ajua akiba ni nini, na kila mtu ajua pia la kuuliza mara atajiwapo akiba: ni ya nani, na ufunguo anao nani?

Neno betri lenyewe nalo lina matata yake. Sote twalijua, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa neno tulijualo hatuliulizi maswali. Mwanakijiji ajua betri ya gari, na ajua mawe ya tochi na ya redio, ambayo yakiisha huanikwa juani kidogo kisha hutupwa shimoni. Betri zinazozungumzwa hapa ni makasha ya chuma mfano wa yale yabebwayo na malori kutoka bandari ya Mombasa, yakiwa yamepangwa kwa safu, kila moja likiwa na maelfu ya seli za lithiamu, mitambo ya kuzipoza, na vifaa vya kunusa moshi. Aliyesema "tutaleta betri" hajasema uongo. Hata hivyo, picha aliyoichora akilini mwa msikilizaji haifanani na kitakachofika.

Ipo pia ile ibara ipendwayo na wapangaji wa maendeleo, "ardhi tupu". Hupatikana katika hotuba, katika ramani na katika ripoti, hasa ripoti zihusuzo kaskazini mwa nchi. Wasomali wa Garissa wana majina manne ya majira ya mwaka, na mojawapo ni jilaal, kiangazi kikali cha kuanzia mwezi wa Disemba hadi Machi. Wakati huo ng'ombe na ngamia hupelekwa mahali palipoachwa makusudi tangu mvua, ili pabaki na chochote cha kutafuna. Mpimaji anayefika mwezi wa Mei haoni mtu wala mnyama, akaandika "tupu". Amefika kwenye ghala wakati wa mavuno na kushangaa mbona halijafunguliwa. Watu waliojiwekea jina kwa kila upepo wa mwaka wasingekosa kujua ni ardhi ipi haina kazi. Hektari 85 huenda zisionekane kitu katika kaunti kubwa kama ile, lakini inategemea ni hektari zipi, na kama ua wake umekatiza njia ya kuendea mtoni.

Katika nchi ya wakulima tatizo hukaa katika kitenzi kukodi. Kukodi shamba vijijini ni jambo la msimu. Nakukodi robo ekari, navuna mahindi, tunaagana. Mwenye shamba humwona mkodi wake kila jioni, na asipolipwa humfuata nyumbani. Mkataba wa sola huchukua kitenzi hicho hicho na kukinyoosha hadi robo karne, pengine na kifungu cha kuongeza muda kwa hiari ya mwekezaji. Mwenye shamba wa miaka 50 akitia sahihi leo, ardhi itarudi akiwa na miaka 75, kama atakuwapo. Katika muda huo shilingi itakuwa imepungua nguvu mara kadhaa. Na iwapo kodi imetajwa kwa kiasi kisichobadilika, bila kupandishwa kila baada ya miaka fulani, basi mwaka wa 20 atapokea fedha za kununulia sukari. Halafu kuna fidia. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kikomboleo, malipo ya kumtoa mtu au kitu matatani. Wengi hulisikia kama bei ya ardhi: nimelipwa fidia, basi nimeuza. Wengine hudhani fidia na kodi ni kitu kimoja. Nimeshuhudia watu wazima, wenye akili timamu, wakibishana hadi jua linatua kama fedha walizopewa zilikuwa za miti iliyokatwa, za mwaka wa kwanza wa kodi, au za kuiaga ardhi moja kwa moja. Karatasi ilikuwapo mfukoni mwa mmoja wao. Hakuna aliyeweza kuisoma.

Na niligusie neno ambalo sasa liko katika kila kinywa, ushirikishwaji wa umma. Wanafunzi wa sarufi wataona mara moja lilivyojengwa. Kitenzi ni shiriki: mimi nashiriki, kwa hiari na kwa miguu yangu. Ongeza kiambishi cha kusababisha, upate shirikisha: kuna mwingine anayenitia katika jambo. Ongeza cha kutendwa, upate shirikishwa: mwingine ananitia, nami natiwa. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 10, imeuhesabu ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya utawala. Barazani tunapewa ushirikishwaji. Silabi mbili tatu zimeongezwa, na mwananchi amehama kutoka kuwa mtenda hadi kuwa mtendwa. Ningekuwa natania kama nisingaliona jinsi vikao vyenyewe vinavyoendeshwa: hema limefungwa, soda zimegawiwa, mtaalamu anasoma karatasi, watu wanatia sahihi orodha ya mahudhurio, na orodha hiyo baadaye inabandikwa nyuma ya ripoti kama ushahidi kwamba walikubali. Mtu alitia sahihi kuwa alikuwapo. Karatasi ikaja kusema aliridhia.

Haya yasingefaa kuchukuliwa kuwa ni manung'uniko ya mwalimu wa lugha atafutaye kazi, kwa maana sheria yenyewe imeyaona. Kanuni za tathmini ya athari za mazingira za mwaka 2003 ziliagiza kwamba mwenye mradi autangaze redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji pia, aitishe angalau mikutano mitatu na watu watakaoathiriwa, na pawepo mtu mwenye ujuzi wa kupokea na kuandika maoni yasemwayo kwa mdomo pamoja na tafsiri zake. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kikakiweka pamoja na Kiingereza katika daraja la lugha rasmi. Si ombi la hisani, basi, mwananchi anapotaka hati kwa Kiswahili.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inakwenda mbali zaidi, na laiti ingejulikana kama zinavyojulikana sheria za trafiki. Inasema kwamba makubaliano baina ya jamii na mwekezaji hayana nguvu ya kisheria mpaka yaidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii, katika mkutano ambao theluthi mbili ya watu wazima wote wamewakilishwa. Inataka makubaliano hayo yaeleze fidia na mrabaha, ukaguzi wa athari unaoendelea, mafunzo kwa jamii, na wajibu wa kuirudisha ardhi katika hali njema mradi unapokwisha au unapotelekezwa. Ni sheria nzuri. Lakini piga picha ya mkutano huo ukiitishwa Februari, katikati ya jilaal, wakati vijana na nusu ya wanaume wako na mifugo umbali wa siku tatu. Theluthi mbili itatoka wapi? Wanawake waliobaki wataombwa maoni au wataombwa chai? Isitoshe, jamii ambayo bado haijasajiliwa chini ya sheria hiyo ardhi yake hushikiliwa kwa amana na serikali ya kaunti, na wawekezaji wengi huona ni rahisi zaidi kuzungumza na ofisi moja kuliko na watu elfu mbili.

Gharama ya kupuuza mambo haya tumeshaiona, ingawa haikuonekana katika sola bali katika upepo. Kule Kinangop ulipangwa mradi wa megawati 60 hivi. Wakulima wenye mashamba madogo walisikia habari za kila aina kuhusu mitambo ile, nyingine zikidai kwamba ingeleta maradhi na kuharibu mimba. Uvumi ulijaza nafasi ambayo maelezo yalipaswa kuijaza. Mwaka 2015 mtu mmoja aliuawa kwa risasi katika maandamano, na mwaka 2016 mradi ukafutwa. Kule Laisamis, Kaunti ya Marsabit, mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana, yenye megawati 310, ilisimama na kuzunguka. Hata hivyo, Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za zaidi ya ekari 150,000 zilitolewa bila kuufuata utaratibu wa sheria, ikawapa wahusika mwaka mmoja kuyasahihisha. Mradi wa kwanza ulikufa kabla ya kuzaliwa. Wa pili ulikua, ukaoa, ndipo ukaulizwa cheti cha kuzaliwa. Hakuna mwekezaji mwenye akili apendaye mojawapo ya hali hizi.

Basi mwanakijiji aambiwe nini kwa lugha yake? Kwanza aambiwe habari za moto, na aambiwe bila kutishwa wala kubembelezwa. Seli ya lithiamu ikipata hitilafu huweza kujipasha joto yenyewe, ikaiambukiza jirani yake, na moto wa namna hiyo haukubali kuzimwa upesi kwa ndoo za maji wala kwa mchanga. Januari 16, 2025, betri zilizowekwa ndani ya jengo moja huko Moss Landing, California, zilishika moto, na watu wapatao 1,200 wakatakiwa kuhama makwao kwa muda kwa kuhofia moshi wenye sumu. Ni haki pia kusema kwamba betri zile zilikuwa zimesongamana ndani ya jengo, na kwamba aina nyingine ya lithiamu, itumiayo chuma na fosfati, haishiki moto kwa wepesi kama ile. Tena makasha yakipangwa nje kwa kuachiwa nafasi, la kwanza likiungua si lazima la pili lifuate. Maswali ya kijiji yanatokana na maelezo hayo: Betri zenu ni za aina gani? Zitakaa umbali gani kutoka shuleni? Upepo wa kusi huvuma kuelekea wapi? Gari la zimamoto lililo karibu liko mji gani, na dereva wake amefunzwa kuzima moto wa aina hii?

Pili, aambiwe kwamba betri huchakaa kabla ya paneli. Paneli huweza kufanya kazi miaka 25 au zaidi, ambapo betri nyingi huhitaji kubadilishwa baada ya miaka 10 hadi 15. Kwa hiyo ndani ya mkataba mmoja kutakuwa na siku ambapo makasha ya kwanza yatang'olewa. Yatapelekwa wapi? Nani ameweka fedha kando tangu leo kwa ajili ya siku hiyo, ikiwa kampuni itakuwa imeuzwa mara mbili na jina lake limebadilika?

Tatu, habari za kazi. Hapa Kiswahili kimejaliwa neno ambalo lingetufaa kama lingetumiwa kwa uaminifu. Kibarua ni barua ndogo, ile karatasi aliyopewa mtu kama ushahidi kwamba amefanya kazi siku hiyo, ili alipwe. Baadaye jina likahama kutoka kwa karatasi hadi kwa mtu. Kituo cha sola kinapojengwa huajiri vibarua kwa mamia. Kikishaanza kazi hubakiwa na mafundi wachache, wafyekaji wa nyasi, waosha paneli na walinzi. Mkutanoni husemwa "ajira", neno pana kama mwavuli wa soko, na kila kijana hujiona ameshika mpini wake.

Nne, na hili ndilo liwaumalo watu zaidi, umeme wenyewe. Katika sensa ya mwaka 2019, ni nusu tu ya kaya zote za Kenya, asilimia 50.4, zilizotumia umeme wa gridi kwa mwangaza. Anayeishi kando ya ua wa kituo hudhani kwamba atakuwa wa kwanza kuwashiwa. Lakini umeme unaotoka kituoni hupandishwa nguvu na kusafirishwa kwa nyaya kubwa, na hauwezi kudokolewa njiani bila kituo cha kuushusha na nguzo ndogo za kuusambaza, ambazo ni mradi mwingine, wa ofisi nyingine, wenye bajeti nyingine. Yafaa aambiwe hivyo mapema, kisha adai mradi huo wa pili uandikwe katika mkataba wa kwanza. Akidai mgao wa mapato pia hatakuwa ametenda kinyume cha desturi. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 imegawa mrabaha wa mvuke wa ardhini: asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali. Jua halikutengewa mgao kama huo. Huenda watunga sheria walifikiri kuwa jua ni la wote, nalo kweli ni la wote. Ila ardhi linapoangukia ina wenyewe.

Nimewahi kujibiwa na mtaalamu mmoja kwamba haya yote ni mazuri lakini hayawezekani, kwa kuwa Kiswahili hakina istilahi, sembuse Kigiriama au Kirendille. Jibu hilo nalisikia tangu nikiwa mwanafunzi, na kila nikilisikia nalikumbuka neno stima. Hapo kale stima ilikuwa meli iendeshwayo kwa mvuke. Wakenya wakalichukua, wakaupachika umeme jina hilo, na leo mtoto wa chekechea ajua stima zikipotea maana yake ni nini. Hatukungoja kamati. Ukiwaambia watu kwa kifupi kitu kinafanya nini, hukipa jina wenyewe, na mara nyingi jina lao hushinda letu la chuoni. Hata sisi wasomi hatujakubaliana kama tuseme kawi, kama wasemavyo wengi hapa Kenya, au nishati, kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania, na umeme haujakatika kwa sababu hiyo. Kinachokosekana ni agizo, na malipo kwa mfasiri aliyefunzwa. Mradi wenye kugharimu mabilioni ya shilingi hukodi mshauri wa udongo, wa ndege warukao na wa kelele; kisha kazi ya kufasiri mkataba huachiwa msaidizi wa chifu, ambaye hakulipwa wala hakupewa karatasi siku moja kabla.

Katika taaluma ya tafsiri tunayo njia moja rahisi ambayo ningependa iwe sharti. Hati ikishafasiriwa, hupewa mtu wa pili ambaye hakuiona ile ya asili, naye huirudisha katika lugha ilikotoka; zikilinganishwa, penye kasoro hujitokeza. Barazani lifanyike hivyo hivyo kwa mdomo. Mkataba usomwe kifungu baada ya kifungu, kwa lugha ya mahali, huku ukirekodiwa. Kisha mzee mmoja, mama mmoja na kijana mmoja, waliochaguliwa na mkutano wenyewe, kila mmoja aulizwe akieleze kifungu kile kwa maneno yake. Kama watatu hao watatoa maelezo matatu kuhusu muda wa kukodisha, au kuhusu nani atakayeondoa betri mbovu, basi mkutano haujawa tayari kupiga kura, na mwekezaji arudi wiki ijayo. Wiki moja si kitu ndani ya miaka 25.

Walimu wenzangu wa shule za upili mna nafasi katika jambo hili kuliko mnavyodhani. Katika maeneo mengi ya miradi hii, msomi wa karibu anayeaminiwa na pande zote ni mwalimu wa Kiswahili. Ni yeye atakayefuatwa jioni na mtu aliyekunja karatasi mfukoni. Si vibaya wanafunzi wa kidato cha tatu wakipewa muhtasari wa ripoti ya namna hii badala ya kifungu kingine cha ufahamu kuhusu faida za michezo, wakaufasiri, wakaenda nao nyumbani kuusoma mbele ya wazazi, na kurudi na orodha ya mahali ambapo wazazi waliuliza, "Maana yake?" Orodha hiyo ingewafaa sana wenye mradi, kama wangeiomba.

Lipo neno moja ambalo mpaka sasa halijanipendeza katika tafsiri zote nilizoziona. Ni lile la siku ya mwisho, mitambo inapoondolewa na ardhi kurudishwa ilivyokuwa. Ufungaji hauniridhishi, kwa sababu mlango ukifungwa nyumba hubaki mahali pake. Uondoaji nao husema habari za vyuma na kunyamaza kuhusu udongo. Wasomaji, hasa wa maeneo ya wafugaji na ya wakulima wadogo, waliozoea kuhama, kulaza shamba na kulirejesha, bila shaka wanalo neno lao. Naomba waniandikie kupitia kwa mhariri, wakitaja na lugha lilikotoka.